Barua kutoka Stuttgart: Mama Aliyelitoa Benz Barabarani

Mjomba,

 Huku ni baridi tu, ingawa wenyeji wananiambia huu ni mwezi wa Mei na hali ya hewa imekwisha kuwa nzuri. Uliniambia nisirudi na kofia wala vikombe vyenye nyota, bali nikuletee habari za hakika: hili gari ambalo umelifungua na kulifunga maisha yako yote lilizaliwaje, na ni akina nani waliolizaa. Nimeitafuta habari hiyo kwa treni, kuanzia Mannheim mpaka hapa Stuttgart, na nakuandikia kwa kirefu kwa sababu si habari niliyotarajia kuikuta.

Sisi tumezoea kusema Benz ni gari la wakubwa. Lakini katika walioanzisha kazi hii sijamkuta hata mmoja aliyezaliwa ukubwani. Carl Benz, aliyezaliwa mwaka 1844, alikuwa mtoto wa dereva wa treni. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo wa miaka miwili, na mama mjane ndiye aliyehangaika kumlea na kumsomesha. Gottlieb Daimler, wa mwaka 1834, baba yake alikuwa mwoka mikate katika mji mdogo wa Schorndorf. Na Wilhelm Maybach, ambaye leo jina lake hubandikwa kwenye Mercedes za bei ya juu kuliko zote, alikuwa yatima aliyelelewa katika nyumba ya hisani mjini Reutlingen. Daimler alipopewa kusimamia karakana ya nyumba hiyo ndipo alipomwona kijana mwenye mkono mwepesi wa kuchora mashine, na tangu hapo hawakuachana. Watu wa kazi, Mjomba, kama ulivyo wewe.

Nilianzia Mannheim. Katikati ya mji ule mitaa haina majina; eneo lote limekatwa miraba, na kila mraba una herufi yake na namba yake. Mwaka 1871, katika mraba wa T6, Carl Benz alifungua karakana ndogo akiwa na mshirika aitwaye August Ritter. Ushirika haukwenda. Ritter hakuwa mtu wa kutegemewa, na karakana ilielekea kufa kabla haijaanza kuzaa. Aliyeiokoa ni mchumba wa Carl, Bertha Ringer, binti wa mjenzi wa nyumba kutoka Pforzheim. Kwa desturi ya kwao wakati ule, baba humpa binti fungu la mali anapoolewa. Bertha aliomba fungu lake mapema, kabla ya harusi, akampa Carl, na kwa fedha hiyo Ritter akalipwa chake na kuondoka. Harusi yao ilifuata mwaka 1872. Kwa hiyo shilingi iliyoiokoa karakana ya Benz ilikuwa ya mwanamke, nayo iliingia miaka 14 kabla ya gari kuwapo.

Inasimuliwa kwamba Bertha alipozaliwa, baba yake aliandika katika Biblia ya familia kwamba kwa bahati mbaya amezaliwa tena msichana tu. Jambo hili lilinikaa moyoni njia nzima.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Injini yao ya kwanza ya kuridhisha iliwaka usiku wa kuamkia mwaka 1880, baada ya majaribio mengi yaliyokataa, na waliokuwa karakanani usiku ule ni Carl na Bertha. Tarehe 29 Januari 1886 kampuni ya Benz & Co. iliomba hataza ya gari linalokwenda kwa injini ya gesi. Hati yake, namba 37435, leo imo katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia.

Nimelitazama gari lenyewe, au tuseme mfano wake uliotengenezwa kwa kufuata lile la asili, nikiwa nimeinama mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Lina magurudumu matatu yenye spoki za chuma kama za baiskeli. Hakuna usukani wa duara. Kuna mkono mmoja wa chuma unaoshikwa kuelekeza gurudumu la mbele. Injini imelazwa nyuma chini ya kiti, silinda moja tu, ujazo wa sentimita za ujazo 954, na nguvu yake haikufika hata ya farasi mmoja. Gurudumu zito la kuzungushia injini limelazwa bapa, na ili kuiwasha unalishika kwa mikono miwili na kulizungusha kwa nguvu zako zote. Kutoka kwenye injini unatoka mkanda, kisha cheni mbili zinakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Rejeta hakuna: maji yanachemka, yanageuka mvuke, yanakwisha, unaongeza mengine. Mwendo wake ni kama kilomita 16 kwa saa. Wewe ungelishusha lote na kulirudisha kati ya asubuhi na adhuhuri, nina hakika.

Tatizo ni kwamba watu hawakulitaka. Walilishangaa, wengine wakaliogopa, na wanunuzi hawakuja. Carl alikuwa mtu wa kurekebisha na kurekebisha tena. Kila mara aliona bado. Hapo ndipo Bertha alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko hataza yenyewe.

Asubuhi moja ya Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, alitoka na gari, toleo la tatu, pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard. Mkubwa alikuwa na miaka 15. Walikusudia kwenda Pforzheim kwa mama yake Bertha, zaidi ya kilomita 100, wakati gari lile lilikuwa halijawahi kwenda popote ila kuzunguka mtaani na kurudi. Barabara zilikuwa za mikokoteni ya farasi. Kituo cha mafuta hakikuwapo popote duniani.

Njia ile nimeifuata. Siku hizi imewekewa vibao vya kuonyesha alikopita Bertha, na inapita kwenye tambarare inayolimwa asparaga, kisha inaingia vilimani penye mizabibu. Nilishuka Wiesloch, mji mdogo mzuri, nikaenda mpaka mbele ya duka la dawa. Hapo ndipo Bertha alipoishiwa mafuta. Gari lilitumia ligroini, ambayo wakati ule watu waliinunua kwa mwuza dawa ili kutolea madoa kwenye nguo. Bertha aliingia akanunua ligroini aliyoihitaji, akajaza, akaendelea na safari. Duka lile leo linajiita kituo cha kwanza cha mafuta duniani, na mbele yake pamewekwa sanamu ya kumbukumbu. Nilisimama pale nikiwatazama wazee wakiingia kununua dawa zao za presha, nikafikiri jinsi mwenye duka wa siku ile alivyomtazama mama huyu na mavazi yake yenye vumbi, na nje kuna kitu kinachonguruma bila farasi.

Sasa sikiliza matengenezo ya njiani, kwa sababu haya ni ya kwako. Bomba la mafuta liliziba. Bertha akachomoa pini ndefu ya kofia yake, akalizibua. Waya wa kuwashia ulichubuka ukaanza kupiga shoti. Akatumia mpira wa kushikia soksi kuufunika. Cheni zilipolegea, mhunzi mmoja wa Bruchsal alizitengeneza. Breki ilikuwa kipande cha mbao kinachobana gurudumu, na kwenye miteremko mbao ilikwisha. Akiwa Bauschlott akamwendea fundi viatu, akamwagiza apigilie ngozi juu ya ile mbao. Mjomba, hiyo ndiyo breki ya kwanza yenye bitana, imebuniwa barabarani na mama aliyekuwa anawahi kufika kwao kabla ya usiku. Kwenye milima gari lilishindwa, vijana wakashuka wakasukuma. Maji walichota popote yalipopatikana.

Jioni walifika Pforzheim, na Bertha akampelekea mumewe simu ya maandishi kwamba wamefika salama. Siku chache baadaye wakarudi na gari lilelile. Carl akaongeza gia ya chini ya kupandia mlima, kwa sababu waliokwenda safari walimweleza mahali gari lilipoelemewa. Mwezi uliofuata gari lilionyeshwa katika maonyesho ya Munich na kupewa medali ya dhahabu. Mwaka 1899 Benz ilitengeneza magari 572, na hapakuwa na kiwanda cha magari kikubwa kuliko hicho duniani.

Nusu nyingine ya jina la Mercedes-Benz iko huku Stuttgart. Katika kitongoji cha Cannstatt kuna bustani ambamo Daimler na Maybach walifanyia kazi ndani ya kibanda cha kioo cha kuoteshea mimea. Walifanya kazi usiku na mchana na kwa siri, hata mtunza bustani akawashuku kwamba wanatengeneza fedha bandia, akaenda kuwashitaki polisi. Polisi waliingia wakakuta spana na vipande vya injini. Mwaka 1885 watu hawa wawili walitoa pikipiki ya kwanza yenye injini ya mafuta, na mwaka 1886 wakafunga injini yao kwenye gari la farasi la magurudumu manne.

Sasa, Mercedes ni nani? Ni mtoto. Kulikuwa na mfanyabiashara, Emil Jellinek, aliyezaliwa Leipzig na kukulia Vienna, ambaye aliuza magari ya Daimler kwa matajiri wa Nice, kusini mwa Ufaransa. Huyu ndiye aliyeleta anasa. Alipenda mbio, na katika mashindano alijiandikisha kwa jina la binti yake, Mercédès. Machi 1900 dereva Wilhelm Bauer aliuawa katika mashindano ya kupanda mlima karibu na Nice, akiendesha Daimler iliyokuwa fupi, ya juu na nzito mbele. Jellinek akawaambia Daimler: nitengenezeeni gari refu zaidi, lililoinama karibu na ardhi, lenye nguvu zaidi, nami nitanunua 36 kwa mpigo, kwa marka 550,000, mradi liitwe kwa jina la mwanangu. Gottlieb Daimler alikuwa amefariki mwezi ule ule wa Machi, hivyo kazi ikamwangukia Maybach.

Alichotoa yule yatima wa Reutlingen ndicho unachokijua wewe kama gari. Injini mbele, fremu ya chuma iliyo chini, nguvu farasi 35. Na rejeta! Nimesimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote katika makumbusho yote. Maybach alipanga vibomba vidogo 8,070, kila kimoja cha mraba chenye upana wa milimita 6, vikashikamana kama sega la nyuki, hewa ikipita ndani yake na maji katikati yake. Kabla ya hapo injini kubwa ilikuwa inajipika yenyewe. Baada ya hapo nguvu ikawa haina mpaka. Rejeta zote ulizozichomelea pale gereji yako ya Gerezani zinatokana na wazo lile. Machi 1901, katika wiki ya mbio ya Nice, magari haya yalishinda karibu kila kitu, na matajiri wa Ulaya na Marekani wakaanza kuyagombania. Jina la Mercedes likasajiliwa mwaka 1902. Binti mwenyewe hakuwahi kushika kazi yoyote katika biashara ya magari. Alifariki Vienna mwaka 1929, hajatimiza miaka 40.

Nyota nayo ina asili ya nyumbani: wana wa Daimler walikumbuka kwamba baba yao aliwahi kuchora nyota juu ya picha ya nyumba yao kwenye kadi ya posta, na mwaka 1909 kampuni ikaisajili yenye ncha tatu, za nchi kavu, maji na anga. Kampuni hizo mbili, Daimler na Benz, zilizoshindana kwa miaka mingi ziliungana Juni 1926 kwa sababu uchumi wa Ujerumani ulikuwa umevurugika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na hakuna iliyoweza kusimama peke yake.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo wauzaji wa magari hawaitaji, na mimi sitaiacha. Katika miaka ya 1930 Mercedes kubwa kubwa za 770 zilikuwa magari ya watawala, Hitler akiwa mmoja wao. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, kiwanda kiligeuka cha malori na injini za ndege za kivita, na wanaume Wajerumani walipopelekwa vitani nafasi zao zikajazwa kwa nguvu. Mwaka 1944 kampuni ilikuwa na wafanyakazi 63,610, na karibu nusu yao walikuwa raia wa nchi nyingine waliolazimishwa, mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Wanawake kutoka kambi ya Ravensbrück walipelekwa Genshagen, kusini mwa Berlin, kuunda injini za ndege. Takwimu hizi kampuni yenyewe inazikiri leo. Lakini ilichukua mpaka mwaka 1988 ndipo ikatoa marka milioni 20 kwa ajili ya walionyanyaswa, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Mtu akikuambia kwamba ubora wa jina hili umetokana na bidii ya Wajerumani peke yao, mweleze habari ya Genshagen.

Baada ya vita nitapita haraka, kwani mengi unayajua. Kuna lile gari la mwaka 1954 lenye milango inayofunguka kwenda juu, ambalo ni zuri kuliko picha zake zote. Kuna ajali ya Le Mans ya mwaka 1955, watu zaidi ya 80 wakafa uwanjani, na Mercedes ikaacha mbio mwishoni mwa mwaka huo. Kinachonigusa zaidi ni kazi ya Béla Barényi, mhandisi aliyesema kwamba gari halipaswi kuwa gumu lote: pua na mkia viachwe vibonyee ili vimeze kishindo, na chumba cha abiria kibaki imara. Wakati ule watu waliamini kwamba bodi ngumu ndiyo salama. Magari yaliyotoka mwaka 1959 yakamthibitisha, na leo kila gari, hata hivi vidogo vya Kijapani vinavyojaa Dar, limetengenezwa kwa kufuata wazo lake.

Na sisi tumo pia, Mjomba. Mashindano ya Safari yalipokuwa yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, Mercedes ilishinda mara tatu mfululizo: mwaka 1959 na 1960 Bill Fritschy akiendesha 219, na mwaka 1961 John Manussis akiendesha 220 SE. Tope lile la masika liliwafunza watu wetu kuliheshimu gari hili kabla ya viongozi kuanza kulipanda. Kisha uhuru ukaja, na walioshika vyeo wakalikimbilia hata wananchi wakawaita Wabenzi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha, mwananchi wa kawaida alijua ni nani wanaosemwa.

Lakini gari lenyewe halikuwahi kuwa la Wabenzi peke yao. Makumbusho ya hapa yalipokea mwaka 2004 teksi ya 240 D kutoka Ugiriki iliyokwenda kilomita milioni 4.6. Teksi, Mjomba, si gari la rais. Na zile W123 unazozitunza wewe, zilizotoka kati ya mwaka 1976 na 1986 kwa idadi ya karibu milioni 2.7, zimeishi kwa sababu fundi aliweza kuzifungua na kuzielewa. Ndiyo maana sikubali tena kusema kwamba sifa ya gari hili imetokana na waliokaa kiti cha nyuma.

Wala wanawake hawakuishia kwa Bertha: mwaka 1962 Waswidi wawili, Ewy Rosqvist na Ursula Wirth, waliingia mbio ndefu za Argentina na 220 SE. Waliambiwa kwamba wanawake hawatamaliza. Ni zaidi ya kilomita 4,600 katika hatua sita, na walishika namba ya kwanza katika kila hatua.

Bertha mwenyewe aliishi muda mrefu kuliko waanzilishi wenzake wote. Tarehe 3 Mei 1944, siku aliyotimiza miaka 95, chuo cha ufundi cha Karlsruhe, alikosoma mumewe, kilimpa heshima ya useneta wa chuo. Siku mbili baadaye akafariki, nyumbani kwake Ladenburg.

Sasa Mjomba nina ombi moja, na nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Mdogo wangu Zuhura amekuomba zaidi ya mara moja aje gereji ajifunze, nawe humwambia asubiri amalize shule, na shule ameimaliza tangu mwaka jana. Mikono yake unaijua. Pampu ya maji ya nyumbani ni yeye huitengeneza. Jumatatu mpe ovaroli na mwanzishe kwenye breki. Mimi nitamtumia spana zake mwenyewe kutoka huku.

Nisalimie Shangazi na vijana wote wa gereji. Nikifika Dar nitakuja kwako moja kwa moja.

Mpwa wako.